TINDIKALI MAABARANI: MAJI KWANZA, CHUPA BAADAYE!

Leo siasa tuiweke pembeni kidogo. Tuongelee kitu ambacho kipo kwenye kabati la karibu kila sekondari huku kwetu, kipo gereji, kipo hata chini ya kitanda pale betri ya sola ilipo, na watu wengi wanakijua kwa jina tu: TINDIKALI.

Kwa nini leo? Mnakumbuka ile michango ya maabara. Novemba 2012 Rais wa wakati huo, Jakaya Kikwete, aliagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara za fizikia, kemia na baiolojia. Mwaka 2014 na 2015 wazazi kila kona ya nchi walichangishwa, matofali yakafyatuliwa, mabati yakapanda. Safi sana. Lakini jengo ni jengo. Ndani ya maabara nyingi za vijijini kuna masinki mazuri kabisa na koki zinang'aa, ukifungua... hewa! Maji hakuna. Na kemikali zipo.

Hapo ndipo penye hatari. Maana dawa ya kwanza ya tindikali siyo ya hospitali, ni maji, na yanatakiwa ndani ya sekunde chache. Kwa hiyo ujumbe wa leo ni mmoja tu: KABLA CHUPA HAIJAFUNGULIWA, MAJI YAWE YAMESHAFIKA. Mengine yote hapa chini ni maelezo ya kwa nini na kwa namna gani. Someni taratibu, na kama una uwezo printi ukabandike shuleni kwa mdogo wako.

TINDIKALI NI NINI HASA?

Kwenye mtaa neno tindikali linatumika kwa asidi yoyote kali. Ila ile tunayoiogopa zaidi ni asidi ya salfuriki, ile H2SO4 ya darasani. Ni kimiminika kizito kama mafuta ya kupikia, hakina rangi, hakina harufu kikiwa baridi. Ndiyo maana ni rahisi mtu kudhani ni maji au glisirini.

Ile inayokuja kwenye chupa ya kioo kutoka kwa muuzaji huwa na asidi asilimia 98 hivi. Uzito wake ni gramu 1.84 kwa kila mililita. Piga hesabu: chupa ya lita 2 na nusu ina tindikali kilo 4.6, bado kioo chenyewe. Maji ya ujazo uleule yana kilo 2.5 tu. Kwa hiyo mwanafunzi akiambiwa "kalete ile chupa" anaishika shingo kwa mkono mmoja kama soda, halafu anashtukia uzito umemzidi. Chupa nyingi zinaponyoka hivyo hivyo.

Ukali wake ni moli 18.4 kwa lita. Ile mnayotumia kwenye titresheni mara nyingi ni moli 0.1 kwa lita. Yaani ya chupani ni kali MARA 184 kuliko ile ya kwenye bireti. Ni kitu kilekile kwa jina, lakini ni kama kulinganisha kiberiti na nyumba inayowaka.

HUKU KWETU INATUMIKA WAPI?

Wengine watasema "sisi wafugaji na wakulima, hiyo kemikali inatuhusu nini?" Inatuhusu sana tu.

- Shuleni: titresheni na majaribio ya kutambua chumvi kwa ajili ya mtihani wa vitendo wa kidato cha nne na cha sita.

- Hospitali: katika kupima kifua kikuu kwa makohozi, njia ya Ziehl-Neelsen, slaidi ikishapakwa rangi nyekundu husafishwa kwa asidi. Maabara nyingine hutumia tindikali ya asilimia 20 hadi 25. Vijidudu vya TB havipotezi rangi, vingine vinapoteza, ndivyo vinavyoonekana.

- Maziwa: kujua kiasi cha mafuta kwenye maziwa kwa njia ya Gerber, wanatumia mililita 10 za tindikali ya asilimia 90 hivi kwa kila sampuli. Huku kwa wenye ng'ombe, hiyo siyo habari ya mbali.

- Udongo na ngano: njia ya Kjeldahl, iliyotoka Denmark mwaka 1883, inachemsha sampuli ndani ya tindikali kujua kuna naitrojeni kiasi gani. Ndiyo inayosema ngano ina protini kiasi gani. Hanang ya mashamba makubwa ya ngano, yale yaliyoanzishwa chini ya NAFCO kwa msaada wa Canada, watafiti wake wanaijua vizuri.

- Mbolea: duniani zinatengenezwa zaidi ya tani milioni 200 za tindikali kila mwaka, na sehemu kubwa inaenda kugeuza mawe ya fosfeti kuwa mbolea. Fosfeti tunayo hapa hapa mkoani, Minjingu.

- Betri: gari, trekta, sola. Hii tutaifikia.

Kwa hiyo kijana anayetaka kuwa fundi maabara, mtafiti wa kilimo au fundi magari atakutana nayo tu. Kuikimbia siyo dawa. Dawa ni kuijua.

INAUMIZA VIPI?

Tindikali kali inafanya mambo mawili kwa mpigo. Kwanza inanyonya maji kwa pupa. Ukiimwaga kwenye sukari, sukari inageuka nyeusi na kuvimba kama mkaa, maana imenyang'anywa maji ikabaki kaboni. Ngozi yako na yenyewe imejaa maji, kwa hiyo pata picha. Pili, ikikutana na maji inatoa joto kali. Kwa hiyo unapata kidonda cha kemikali na cha moto kwa wakati mmoja.

Jicho ndilo linaloumia haraka kuliko kitu chochote. Kioo cha mbele cha jicho kikiharibika kinakuwa na ukungu mweupe na mtu anaweza asione tena. Ngozi inapona na kovu, jicho mara nyingi halisamehi.

Tanzania tuliliona hili kwenye magazeti kwa njia mbaya. Novemba 2012 Sheikh Fadhil Soraga alimwagiwa tindikali Zanzibar. Agosti 2013 ikawa zamu ya wasichana wawili Waingereza waliokuwa wanajitolea kufundisha, pale Mji Mkongwe, na Septemba mwaka huohuo Padri Anselmo Mwang'amba. Yale yalikuwa makusudi, uhalifu. Lakini kemikali haijui makusudi na bahati mbaya. Ikimwagika maabarani inaunguza vilevile.

Na ile ya moli 0.1 je? Haiunguzi papo hapo, ila usiidharau. Tone likibaki kwenye shati, maji yanakauka, asidi inabaki na kukolea. Ndiyo maana unaweza kufua sare wiki hiyo halafu unakuta vitobo utadhani panya wamepita. Ikiingia jichoni inauma na inatakiwa kuoshwa kama kawaida.

HESABU YA NDOO MBILI

Sasa tuje kwenye maji. Kiwango cha Marekani cha vifaa vya kuoshea macho kinasema kifaa kitoe angalau lita 1.5 kwa dakika, kwa dakika 15 bila kukatika. Zidisha: lita 22 na nusu. Ndoo yetu ya kawaida ni lita 20. Umeona? NDOO MOJA HAITOSHI. Na hapo ni kwa mtu mmoja tu.

Kwa hiyo kwa maabara isiyo na maji ya bomba, utaratibu rahisi ni huu:

1. Ndoo mbili za lita 20 zenye koki na mfuniko, zimejaa maji safi, zikae juu ya meza au stuli imara ili mtu aweze kuinama chini ya koki. Usiwe na ndoo ya koki? Madumu mawili na jagi.

2. Maji yabadilishwe kila siku ya kipindi cha vitendo. Maji ya wiki mbili yenye viluwiluwi hayafai kwa jicho.

3. Ndoo hizi ni za dharura TU. Siyo za kuoshea bika, siyo za kunywa, siyo za kupigia deki. Ziandikwe kwa rangi: MAJI YA DHARURA.

4. Njia kutoka kila meza hadi kwenye ndoo iwe wazi. Mabegi yakae nje. Mtu aliyemwagikiwa jichoni haoni anakokwenda, ataongozwa au atapapasa.

5. Kama siku hiyo maji hayakupatikana, chupa ya tindikali kali haifunguliwi. Kipindi kisogezwe. Hakuna matokeo ya titresheni yenye thamani ya jicho.

Najua wanafunzi wengi wanabeba maji kichwani kwenda shule, hasa kiangazi upande wa Hanang chini. Lita 40 siyo mzaha. Lakini kwa darasa la watu 40 ni lita moja moja tu kila mtu. Inawezekana.

KUZIMUA: ASIDI NDANI YA MAJI, KAMWE SIYO MAJI NDANI YA ASIDI

Kuzimua ni kupunguza ukali kwa kuongeza kwenye maji. Hii ni kazi ya mwalimu au fundi maabara, siyo ya mwanafunzi. Ila mwanafunzi naye ajue, ili akiona inafanyika vibaya aseme.

Kwa nini mpangilio una maana? Tindikali ni nzito karibu mara mbili ya maji. Ukimimina maji juu yake, maji yanaelea juu, yanakutana na asidi nyingi mno, yanachemka palepale na kuruka kama mafuta ya moto yaliyodondokewa maji. Yanaruka na asidi, usoni kwako. Ukifanya kinyume, asidi kidogo inazama kwenye maji mengi na joto linasambaa.

Hatua zenyewe:

1. Vaa miwani ya kujikinga iliyoziba pembeni, glavu za mpira nzima zisizo na tundu, koti la maabara, na viatu vya kufunika. Kandambili nje! Nywele ndefu zifungwe.

2. Hakikisha ndoo mbili zipo na mtu wa pili yupo. Usifanye peke yako.

3. Fungua madirisha.

4. Weka kwanza maji kwenye bika la kioo kinachostahimili joto, kiasi cha zaidi ya nusu ya ujazo unaoutaka. Bika likae ndani ya beseni lenye maji ya baridi. Usitumie chupa ya soda wala chupa nene ya kawaida, joto litaipasua.

5. Pima asidi kwa silinda ya kupimia. Kuvuta kwa mdomo kwenye pipeti ni marufuku, hata kama ni "kidogo tu".

6. Mimina asidi kidogo kidogo kwenye maji ukikoroga na kijiti cha kioo. Ukisikia bika limekuwa moto, simama, subiri lipoe, endelea.

7. Likishapoa kabisa ndipo unahamishia kwenye flaski ya kipimo na kujaza maji mpaka kwenye mstari.

8. Bandika lebo HAPO HAPO: jina, ukali, tarehe. Usiseme nitakumbuka.

Kwa wanaotaka namba: kupata lita moja ya moli 1 unahitaji takriban mililita 54 za tindikali ya asilimia 98. Kwa lita moja ya moli 0.1 ni mililita 5.4 tu. Sasa fikiria, chupa moja ya lita 2.5 inatoa zaidi ya lita 450 za moli 0.1. Shule haina haja ya kujaza chupa kumi kabatini. Nunueni kidogo.

IKIMMWAGIKIA MTU

Hapa kuna ubishi unaoua macho ya watu. Kuna wanaosema: "Si mmefundishwa maji yasiwekwe kwenye tindikali? Basi akimwagikiwa usimwagie maji!" HAPANA. Tofauti ni kiasi. Maji KIDOGO kwenye asidi NYINGI yanachemka. Maji MENGI kwenye asidi KIDOGO yanaichukua na joto lake yanaenda nalo. Kwenye ngozi asidi ni kidogo, kwa hiyo mwaga maji mengi, ya kutiririka, bila kusita. Usipoteze muda kutafuta kitambaa.

Kama ni jichoni:
- Mpeleke kwenye koki mara moja. Inamisha kichwa upande wa jicho lililoumia ili maji yatoke puani kwenda nje, yasiingie jicho la pili.
- Mfungulie kope kwa vidole. Atakuwa anakaza, ni kawaida, lazima mumsaidie.
- Maji taratibu, dakika 15 hadi 20 kwa saa, siyo kwa kukisia. Mtu mmoja aangalie saa.
- Baada ya hapo hospitali, HATA KAMA anasema anaona vizuri. Mkiwa njiani na kuna maji, endeleeni kuosha.

Kama ni ngozi na nguo:
- Maji mengi huku mnavua nguo zilizolowa, pamoja na viatu na mkanda. Aibu baadaye, mtafuteni khanga au shuka ya kumsitiri. Nguo yenye asidi haivutwi kupitia usoni, kateni kwa mkasi.
- Osha dakika 20. Funika kwa kitambaa safi kikavu kisichoshika.

Kama ameimeza:
- Asukutue mdomo kwa maji na kutema. USIMTAPISHE. Iliyounguza koo wakati inashuka itaunguza tena wakati inapanda. Hospitali haraka.

Vitu vya KUTOPAKA: dawa ya meno, yai bichi, asali, mafuta, unga wa ngano, udongo. Na magadi au sabuni usiweke kwenye ngozi wala jicho kwa kisingizio cha "kuua asidi". Magadi yakikutana na asidi yanatoa joto jingine, na jichoni yenyewe yanaunguza. Mwilini ni maji tu.

Huku kwetu kuna Haydom, hospitali ya Walutheri iliyoanza 1955, kuna hospitali Mbulu mjini na ile ya wilaya Katesh. Jicho likiwa baya wanaweza kumpa rufaa, mfano KCMC Moshi ambako kuna idara kubwa ya macho. Bebeni lebo ya chupa au iandikeni jina la kemikali na ukali wake kwenye karatasi. Daktari akijua ni nini anaanza kazi mapema.

IKIMWAGIKA SAKAFUNI: MAGADI YA NYUMBANI

Hapa sasa magadi yana kazi yake. Yale mnayopikia maharage na makande, sisi tuna bahati tunayo jirani, siyo ya kuagiza Dar. Magadi ni alkali na yanaizima asidi kwa kutoa povu la kabonidayoksaidi. Povu likiisha ukiongeza magadi, asidi imeisha nguvu. Majivu ya kuni nayo yanafanya kazi, ila taratibu zaidi.

Utaratibu: watoeni watu wasiohusika. Fungueni madirisha. Zungushieni mchanga mkavu ili isisambae. Kisha mnyunyizie magadi kuanzia PEMBENI kuja katikati, kidogo kidogo, mkiwa mmevaa miwani, maana linaruka na kupata moto. Msitumie maranda ya mbao wala matambara, tindikali kali inayaunguza. Mkimaliza, zoeni kwa koleo la plastiki, halafu piga deki kwa maji mengi.

Kiasi gani? Mililita 100 za tindikali ya chupani zinahitaji karibu gramu 200 za soda safi. Magadi ya sokoni yana mchanga na chumvi ndani, kwa hiyo weka nusu kilo uwe na uhakika. Chupa nzima ikipasuka mnahitaji kilo 5 za soda safi, na hapo siyo kazi ya wanafunzi tena. Wote nje, mlango ufungwe, mwalimu aongoze.

Ndoo ya magadi makavu na ndoo ya mchanga zikae karibu na mlango. Gharama yake ni ndogo.

Mabaki ya titresheni nayo yasimwagwe nje ambako kuku na mbuzi wanapita. Kusanyeni kwenye ndoo ya plastiki, wekeni magadi mpaka povu liishe, ndipo mmwage na maji mengi.

KUTUNZA NA KUSAFIRISHA

- Chupa ikae rafu ya chini, chini ya usawa wa macho, ila siyo sakafuni kabisa. Ikae ndani ya beseni la plastiki ili ikivuja ibaki humo.
- Itengwe na panganeti ya potasiamu, spiriti, alkali, unga wa metali, na dawa ya madoa kama Jik. Asidi na Jik vikichanganyika vinatoa gesi ya klorini inayobana mapafu.
- Kabati lifungwe na ufunguo uwe na mtu mmoja anayejulikana. Kuwe na daftari: imetoka kiasi gani, kwa nani, lini.
- Lebo za kiwandani ni za Kiingereza. Mama anayefanya usafi na mlinzi wa usiku hawalazimiki kujua Kiingereza. Ongezeni yenu: HATARI! TINDIKALI. INAUNGUZA. USIGUSE. Wafundishwe pia ile alama ya kimiminika kinachodondoka mkononi na kwenye chuma, ndani ya pembe nne yenye mpaka mwekundu.
- Kubeba: mikono miwili, au chupa ndani ya ndoo ya plastiki yenye mpini.
- Usafiri: kuweka chupa kwenye buti la basi kutoka Arusha, kati ya mahindi na mabegi ya watu, halafu barabara zetu mnazijua... hapana. Kusafirisha kemikali kuna utaratibu wake kisheria, muuzaji aliyesajiliwa ataleta au ataelekeza.

Na tusisahau tarehe 3 Desemba 2023, tope liliposhuka kutoka Mlima Hanang na kuingia Katesh, Gendabi na vijiji vingine. Mafuriko yanabeba kila kitu. Ukikuta chupa yenye kimiminika kwenye tope, haina lebo, usiifungue, usiinuse, usiimwage. Mwambie mtendaji au polisi.

BETRI ZA GARI NA SOLA

Ndani ya betri ya risasi kuna tindikali ya asilimia 35 hivi ikiwa imejaa chaji. Siyo 98, lakini inapofua macho sawasawa. Mambo ya kushika:

1. MAJI ya betri na ASIDI ya betri ni vitu viwili. Maji ya betri ni yale yaliyokenekwa, ya kuongeza kiwango kikishuka. Kinachopungua kwenye betri ni maji, kwa hiyo unaongeza maji, huongezi asidi. Muulize fundi waziwazi anakupa kipi.

2. Usihifadhi chochote kati ya hivyo kwenye chupa ya maji ya kunywa. Mtoto akirudi na kiu kutoka machungani haulizi.

3. Betri ikiwa inachajiwa inatoa gesi ya haidrojeni. Usiwashe kiberiti wala sigara juu yake kuangalia "imejaa?" Ikilipuka inarusha asidi usoni. Tumia tochi. Chumba kiwe na hewa.

4. Betri mbovu isipasuliwe nyumbani kutoa risasi. Hapo unapata asidi na sumu ya risasi kwa pamoja, na watoto ndio wanaoathirika zaidi.

SHERIA INASEMAJE?

Tanzania ina Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya 2003. Anayeingiza, kuuza, kuhifadhi au kusafirisha kemikali hizi kwa biashara anatakiwa kusajiliwa. Msimamizi ni Mkemia Mkuu wa Serikali, ambaye maabara yake iliitwa Wakala na tangu sheria ya 2016 ni Mamlaka. Kanda ya Kaskazini ofisi iko Arusha. Tindikali imo pia kwenye orodha ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1988 wa kupambana na dawa za kulevya, ndiyo maana inafuatiliwa. Shule yenye chupa za zamani zisizo na lebo iwaulize wao, isichimbie shimo nyuma ya choo.

MASWALI MNAYOPENDA KUULIZA

Miwani ya jua inatosha? Haitoshi. Pembeni iko wazi na matone yanaingia.

Glavu za hospitali je? Zile nyembamba zinasaidia kwa asidi iliyozimuliwa. Kwa tindikali kali zinapita haraka. Zikimwagikiwa vua mara moja na uoshe mikono.

Maziwa yanaosha jicho? Tumia maji. Kama maji safi yameisha kabisa, tumia maji yoyote uliyonayo kuliko kusubiri.

Mwalimu akikataa kuweka ndoo? Mwambie kwa heshima: "Mwalimu, shikamoo, naomba tulete maji kwanza." Jitoleeni kuyaleta. Sidhani kama kuna mwalimu atakayekataa. Akikataa, mwambieni mzazi aliye kwenye bodi ya shule.

CHA KUBANDIKA UKUTANI

1. Ndoo mbili zimejaa? Ndiyo, endelea. Hapana, funga kabati.
2. Miwani, glavu, koti, viatu.
3. Asidi ndani ya maji, kidogo kidogo.
4. Mwilini: maji mengi, dakika 15 hadi 20, kisha hospitali.
5. Sakafuni: mchanga, halafu magadi.
6. Kila chupa na lebo yake.

Kama shule yenu mna ndoo za dharura tayari, tuambieni hapo chini mlifanyaje na mlipata wapi koki, wengine wajifunze. Na kama hamna, Jumatatu ni siku nzuri ya kuanza.

Nawasilisha.